Diski Nne za Temeke

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuusukuma, nikishausukuma narudi tena kuhakikisha sikuufungua kwa kuusukuma kwangu. Jiko la mafuta ya taa nilikuwa nalizima, natoka, nafika kituoni, kisha narudi kulinusa. Wapangaji wenzangu pale Kinondoni walishanizoea. Wakiniona narudi mbio asubuhi walikuwa wanaambiana, "Kasahau kuogopa kitu huyo." Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba yaliyotokea Temeke hayakutokea kwa sababu nilizembea. Niliogopa sana, tena kila siku, na bado yakatokea.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Watu binafsi walikuwa wameruhusiwa tena kuendesha zahanati, na daktari mmoja aliyeacha kazi ya serikali alikuwa amefungua tatu: moja Temeke, moja Kipawa, moja Mabibo karibu na soko. Maduka ya kompyuta yalikuwa yanachipuka mjini kama uyoga, na mimi nilikuwa nimemaliza kozi ya ufundi wa mashine hizo na sina kazi. Daktari akaniajiri. Alitaka kila zahanati iwe na seva yake, yaani kompyuta kubwa ya kutunza kumbukumbu zote, na seva hizo tatu zitunziane nakala kwa njia ya simu. Temeke ipeleke nakala yake Kipawa, Kipawa ipeleke Mabibo, na Mabibo ipeleke Temeke. Moja ikiungua, mwenzake anayo.

Shabaha yake ilikuwa kuondoa madaftari. Anayekumbuka miaka ile anajua: mgonjwa alikuwa anakuja na daftari lake la shule, la kurasa thelathini na mbili, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na humo ndimo ulimokuwa ugonjwa wake wote. Daftari likinyeshewa, ugonjwa umenyeshewa. Mtoto akichana karatasi atengeneze ndege ya kurusha, zimeruka dozi za mwaka mzima. Daktari alikuwa anayachukia. Akatoa amri kwamba kila mgonjwa alete daftari lake, liandikwe kwenye kompyuta, aliache hapo hapo, halafu basi, asihangaike nalo tena. Sisi tutamkumbukia.

Muuguzi mkuu wa Temeke, mama wa makamo mzaliwa wa Tandika, hakuipenda amri ile. Nilimwamkia shikamoo siku ya kwanza nikiwa nimebeba kisanduku cha diski, akaitikia marahaba, akaniangalia kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Mwanangu, hicho kidude ndo kitakaa na watoto wetu wa sikoseli wote?"

"Ndiyo, mama. Na nakala yake itakuwa Kipawa."

"Mali bila daftari huisha bila habari," akasema, akarudi kwenye sindano zake.

Hao watoto wa sikoseli, selimundu kama tunavyosema siku hizi, ndio walionikosesha usingizi tangu mwanzo. Zahanati ya Temeke ilikuwa na wengi. Mtoto wa namna ile analetwa amekunjamana kwa maumivu, hawezi kusema, na daktari anapaswa kujua haraka: aliongezwa damu lini, dawa gani inamsaidia, dawa gani mwili wake unaikataa. Hayo yote yalikuwa madaftarini. Sasa yanahamia kwenye diski, na diski naziamulia mimi.

Kila seva ilikuwa na nafasi ya diski nne. Nne hizo unaweza kuzipanga kwa njia tatu, na nilimwandikia daktari zote kwenye karatasi. Njia ya kwanza, unaziunganisha zote ziwe kama ghala moja kubwa. Nafasi unaipata yote, ila ikifa moja umekwisha. Njia ya pili, unaziweka mapacha, mbili mbili, kila kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule. Nafasi inakuwa nusu, lakini pacha akifa mwenzake yupo. Njia ya tatu iko katikati: unapata nafasi ya diski tatu, na nafasi ya moja inatumika kuhifadhi hesabu ya kuwezesha kumrudisha yeyote atakayekufa. Akifa mmoja, unaweka mpya, seva inamjenga upya kutokana na waliobaki. Wakifa wawili, huna kitu.

Mimi nilitaka mapacha. Daktari alitaka ghala. Alikuwa ameagiza mashine ya altrasaundi, na akina mama wajawazito walikuwa wanatoka mpaka Bunju kuja kuwaona watoto wao kabla hawajazaliwa. Kila picha aliitaka itunzwe, na picha zinakula diski kuliko maandishi mara nyingi sana.

"Binti yangu," aliniambia, "ukiwa mwoga hivyo hutajenga kitu."

"Dokta, si mimi ninayeogopa. Ni diski zinazokufa."

Tukabishana siku tatu. Mwisho tukakutana katikati, kwenye njia ya tatu, kama watu wanaopatana bei ya kitanda. Nafasi iliyopatikana nikaigawa: sehemu kubwa ikawa ya kumbukumbu za zahanati yenyewe pamoja na mapicha yake, na sehemu ndogo, ndogo kuliko nilivyopenda, ikawa ya nakala ya zahanati jirani. Nilijua ni ndogo. Nilijiambia kwamba baada ya miezi michache nitaongeza diski.

Kwa mwaka mzima na zaidi mambo yalikwenda. Kila saa saba mchana modemu ya Temeke, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta na simu, ilikuwa inapiga simu Kipawa, inalia ule mlio wake wa paka aliyekanyagwa mkia, na nakala inakwenda. Nikiwa Temeke wakati huo nilikuwa nakaa kimya nisikilize mpaka iishe. Nikiwa kwingine nampigia muuguzi.

"Imelia?"

"Imelia, mwanangu. Kula basi."

Kitu kingine nilichokiogopa ni vumbi. Chumba cha kumbukumbu cha Temeke kilikuwa upande wa barabara ya udongo, na malori ya mchanga yalikuwa yanapita hapo kutwa. Niliwafundisha wote kwamba vumbi ndilo adui. Dirisha lisifunguliwe. Watu wasiingie na viatu. Nilisema hivyo mara nyingi mno, maana mimi nikiogopa kitu sitosheki mpaka na wenzangu wakiogope.

Muuguzi akanisikia. Alikuwa fundi wa kufuma vitambaa, sindano ya kufumia haimtoki mkononi pale wagonjwa wanapopungua. Siku moja ya mwezi wa kumi na moja nilikuta seva imevaa. Kitambaa cheupe cha uzi, kimefumwa maua, kina shada za kuning'inia mpaka chini, mbele na nyuma. Na kwa kuwa kufuma kunaacha matundu, alikuwa ametia bitana ya popilini ndani ili vumbi lisipate hata pa kupenyea.

Nikasimama nikakitazama. Nyumbani kwetu redio ya baba ilikuwa na kitambaa kama kile, na makochi, na meza, na baadaye televisheni. Kitu cha thamani kinafunikwa. Anayekiacha uchi hajui thamani yake. Yule mama aliyekidharau kidude changu alikuwa amekaa wiki nzima akikifumia nguo, na kwangu hiyo ilikuwa heshima. Nilimshukuru. Nikakifunua kitambaa, nikakagua taa za diski, zote nne kijani, kisha nikakirudisha kwa mikono yangu mwenyewe, nikazinyoosha na zile shada zikae sawa.

Mwezi huo huo mwandishi wa kumbukumbu wa Temeke alikwenda likizo, nikakaa kwenye kiti chake wiki mbili. Mchana mmoja aliingia mama kijana mwenye mtoto wa miaka minne hivi, mgonjwa wa selimundu, wametokea mkoani kuhamia mjini. Alikuwa na daftari limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Alinisomea ukurasa kwa ukurasa, na pale mwandiko usiposomeka alinieleza kwa kichwa. Tulichukua karibu saa nzima. Tulipofika kwenye dawa ambayo mtoto alipewa kijijini akavimba koo nusura afe, alinisimamisha.

"Sista, hiyo umeiandika?"

"Nimeiandika."

"Nisomee."

Nikamsomea. Akacheka kwa kuona aibu ya kunisumbua, akaniachia daftari kama ilivyoamriwa, akaondoka.

Januari ile joto lilikuwa kali. Paa la chumba cha kumbukumbu lilikuwa bati tupu bila dari, na dirisha, kwa maagizo yangu, halikufunguliwa. Jumatatu moja kama saa tatu asubuhi muuguzi alinipigia simu nikiwa Mabibo. Seva inalia, akasema, na taa moja nyekundu.

Nilifika Temeke nimelowa jasho, lakini moyo wangu ulikuwa mtulivu kuliko siku nyingi, na hilo linanishangaza hadi leo. Mtu anayengojea msiba miaka miwili, ukimfikia anaona kama nafuu. Diski moja ilikuwa imekufa. Ndilo nililolipangia. Niliwaeleza waliokusanyika mlangoni kwamba hakuna kilichopotea, tatu zilizobaki zinatosha, na diski ya akiba ipo kabatini. Nilijisikia fundi. Nikaikwanyua iliyokufa, nikaitia mpya, na kwenye kioo kikatokea kipimo cha kuonyesha ujenzi ulivyofika: asilimia moja, asilimia mbili.

Ndipo nikaegemea mkono juu ya kasha la seva, nikauondoa haraka. Lilikuwa la moto kama sufuria ya uji. Kitambaa muuguzi alikuwa amekitoa asubuhi ili azione taa, kimekunjwa vizuri juu ya kiti. Nilikitazama, nikatazama matundu ya hewa ya mbele na ya nyuma ya kasha. Miezi miwili ile seva ilikuwa imevaa blanketi chini ya bati.

Sasa nilikuwa na njia mbili. Diski tatu zilizobaki zilikuwa zimepikwa pamoja na ile iliyokufa, miezi ile ile, na hivi sasa nilikuwa nimezipa kazi ngumu kuliko zote zilizowahi kuzifanya: kusomwa mwanzo hadi mwisho, bila kupumzika, kwa saa sita. Ningeweza kusimamisha ujenzi. Kumbukumbu zote zilikuwa bado zinasomeka. Ningezihamisha kwanza kadi za wagonjwa, zile za maandishi tu, ambazo kwa wingi wake wote zisingechukua hata robo saa. Fundi yeyote mwenye akili timamu angefanya hivyo. Lakini nilikuwa na nakala Kipawa. Modemu ilikuwa imelia kila siku, nilikuwa nimeisikia kwa masikio yangu. Na niliogopa kwamba nikisimamisha ujenzi katikati nitaharibu zaidi. Haraka haraka haina baraka, nilijiambia, nikaacha uendelee, nikaleta feni ya mezani kutoka chumba cha chanjo na kuielekeza kwenye seva.

Nilikaa mbele ya kile kipimo kuanzia saa nne hadi saa nane. Sikunywa hata maji. Muuguzi alikuwa anaingia kila baada ya sindano mbili tatu, anauliza, "Imefika ngapi?" namwambia, anatoka. Saa saba modemu ikajaribu kupiga simu, nikaizima kwa hofu kwamba itaielemea seva. Nilikuwa nahesabu: arobaini, hamsini, sitini. Ilipofika sitini na nne ikasikika sauti ndogo, tiki, tiki, tiki, kama mtu anayegonga kucha kwenye bati. Taa ya pili ikawa nyekundu. Kioo kikaandika mstari mmoja, halafu hakikuandika kitu.

Nilipiga simu Kipawa, nikamwomba mwandishi wa kule afungue nakala ya Temeke anisomee tarehe ya kadi ya mwisho kabisa.

"Ya mwezi wa tisa," akasema.

"Soma tena."

"Ya mwezi wa tisa, dada. Kuna na maneno mekundu hapa, yanasema nafasi imejaa. Yapo siku nyingi, nikajua ni mambo yenu ya ufundi."

Mapicha ya altrasaundi yalikuwa yameijaza ile sehemu ndogo niliyoigawa mimi. Modemu ilikuwa inapiga simu, inalia, inaambiwa hakuna nafasi, inakata. Miezi minne nilikuwa nasikiliza mlio wa kitu kisichokwenda popote. Na kila siku nilikuwa nauliza kama imelia, na sikuwahi kuuliza kama imefika.

Daktari alikuja jioni ile. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Aliuliza seva ilipataje joto, na muuguzi akajibu kwamba ni yeye aliyeifunika. Nilikuwa nimekaa pale pale. Nilijua kwamba nilikiona kitambaa kile mwezi wa kumi na moja na kukirudisha kwa mikono yangu, na nikanyamaza. Muuguzi alikichukua kitambaa, akakitia kwenye mkoba wake, akaenda kwake. Nilimweleza daktari ukweli siku mbili baadaye, kwa barua, maana kwa mdomo nilishindwa. Nayaandika haya nikiwa na umri aliokuwa nao mama yule, na bado naona haya.

Kesho yake nilikwenda kutafuta madaftari. Yalikuwa yamewekwa stoo, lakini stoo ilipojaa mtu fulani alikuwa ameyatoa, na niliambiwa mengine alipewa mama muuza karanga wa getini. Nilimkuta anakunja vipakti. Nilinunua vyote alivyokuwa navyo kwenye ungo, nikakaa kwenye ngazi za zahanati nikivikunjua kimoja kimoja na kumwaga karanga kwenye kanga yangu. Nilipata hesabu za darasa la tano, nikapata insha kuhusu faida za ng'ombe, nikapata nusu ukurasa wa dawa za minyoo za mtu asiye na jina. Mama wa karanga aliniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia karatasi. Akanipa pole kwa upole kabisa na kuanza kukunja nyingine.

Muuguzi ndiye aliyejua la kufanya. Alinunua madaftari mapya boksi zima, akaweka meza mlangoni, na kila mama aliyekuja na mtoto asiyekuwamo kwenye nakala ya Kipawa aliketishwa na kuulizwa upya. Mimi nilikuwa naandika kwa mkono. Nilitarajia matusi, lakini akina mama walikuwa wanakumbuka. Walikuwa na tarehe zote vichwani, siku ya damu ya kwanza, chupa ngapi, hospitali gani, mvua ilikuwa inanyesha. Wiki mbili tukawa tumejaza madaftari mengi, na nilianza kupata usingizi wa saa tatu nne kwa usiku. Nilianza hata kufikiri kwamba labda hatukupoteza kitu.

Kisha asubuhi moja akaingia bibi amembeba mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa analia kwa sauti ndogo iliyochoka, mikono imevimba vidoleni. Bibi sikumjua, lakini mtoto nilimtambua. Nikamwamkia, nikafungua daftari jipya, nikaandika jina, umri, ugonjwa. Nikauliza kuhusu dawa.

"Ipo moja anaikataa," bibi akasema. "Ilitaka kumuua."

"Inaitwaje, bibi?"

"Sijui, mjukuu wangu. Alikuwa anajua mama yake."

"Mama yake yuko wapi leo?"

"Tumemzika mwezi wa kumi na mbili."

Nilisema pole. Alinishukuru, akamhamishia mtoto bega la kulia, akasogea karibu na meza.

"Lakini usijali," akaniambia, kama vile mimi ndiye niliyehitaji kutulizwa. "Alituambia kabla hajafa. Alisema hata nikiondoka msihangaike, dawa hiyo imeandikwa pale Temeke, kuna sista aliiandika na akanisomea."

Daktari alikuwa amesimama mlangoni na kifaa chake shingoni, anangoja nimpe jina la dawa. Nilifumba macho. Niliikumbuka kanga ya yule mama, ya rangi ya zambarau. Niliukumbuka mfuko wa nailoni na fundo lake. Niliikumbuka sauti yake aliposema nisomee, na nilijiona nikimsomea, midomo yangu inatamka neno lile herufi kwa herufi, na mtoto huyu huyu amekaa mapajani mwake anachezea kalamu yangu. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa lile neno.

"Liangalie tu jina lake, mjukuu wangu," bibi akasema. "Limo humo."